Natazama mwezi kwanza, ndipo niende sokoni

Machi 2020 hoteli aliyokuwa akifanya kazi mume wangu, pwani ya mashariki, ilifunga milango. Wageni walikuwa hawaji tena kwa sababu ya korona, na wafanyakazi wakaambiwa warudi makwao wasubiri kuitwa. Nyumbani tulikuwa watu sita: sisi wawili, watoto watatu, na mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Konde, Pemba, kutibiwa macho, akabaki nasi hapa Fuoni, Unguja. Tulichobaki nacho ni cherehani yangu na akiba ambayo nilipoihesabu niliona haifiki miezi miwili.

Nikachukua daftari la skuli la mmoja wa watoto, nikaanza kuandika kila shilingi inayotoka kwa ajili ya chakula. Baada ya mwezi nikajumlisha. Tulikuwa tunatumia kiasi cha shilingi 14,000 kwa siku, na nyama tulikuwa tunaila mara moja tu kwa wiki. Kilichotumaliza kilikuwa vitu vidogovidogo: maandazi na boflo za asubuhi, mafuta ya kupimiwa kikombe kimoja kimoja dukani, sukari ya robo, tungule (nyanya) tatu za magharibi kwa kuwa mchana nilizisahau, na bajaji ya kurudi sokoni mara ya pili.

Usiku ule nilimsomea mama mkwe daftari zima. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Mwanangu, we waamua mwapika nini kwanza, au watazama kwanza kilichoko?"

Nikamwambia naamua kwanza, asubuhi, hata kitandani sijatoka.

"Basi ndo hapo," akasema.

Sikumwelewa siku ile. Nilimwelewa taratibu, kwa kwenda naye sokoni Mwanakwerekwe na kumwangalia anavyonunua. Yeye hutoka nyumbani hana mchuzi kichwani. Huzunguka soko zima mkono mtupu, akitazama nini kimeshuka kwa wingi siku hiyo, na mzunguko wa pili ndio wa kununua. Mimi nilikuwa natoka nimeshaazimia changu wa kupaka, nikifika changu wachache na bei iko juu, nanunua vilevile kwa sababu tui nimeshakamua nyumbani. Yote niliyojifunza baadaye yamesimama juu ya jambo hilo moja: bahari na shamba ndivyo vinavyoamua leo tunakula nini, na anayebishana navyo hulipa zaidi.

Nianze na samaki, maana ndio wanaokula pesa nyingi katika majiko yetu. Nyumba nyingi hapa zina kalenda ya Kiislamu ukutani. Ile kalenda inakutajia pia bei ya samaki, ukijua kuisoma. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Taa huwakusanya, nyavu ikawazunguka. Mwezi unapokaribia kupevuka, kuanzia tarehe 12 au 13 hadi kama 18 hivi, mbalamwezi huishinda taa, dagaa hawakusanyiki, na vyombo vingi hupumzika. Siku hizo dagaa wabichi utawatafuta. Giza likirudi, kuanzia tarehe ishirini na kitu mpaka siku za mwanzo za mwezi mpya, wanashuka kwa matenga, na fungu lilelile linaongezeka ukubwa kwa bei ileile. Mimi pesa yangu ya samaki naiweka kwa ajili ya siku za giza.

Pweza naye ana siku zake. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukipevuka, maji yanakupwa mbali, mwamba unabaki wazi, na kina mama wanaochokoa pweza wanapata njia. Kwetu maji ya bamvua hukauka mnamo saa tatu au saa nne asubuhi, kwa hiyo pweza huanza kuonekana mchana. Ukienda sokoni saa moja asubuhi kumtafuta, utakuta wa jana. Siku za maji mafu, tarehe 7 na 8 au 22 na 23, mwamba haukauki vya kutosha, wala usijisumbue.

Halafu kuna kusi. Kati ya Juni na Agosti upepo unavuma, ngalawa nyingi zinakaa pwani, samaki wabichi wanapanda bei. Miezi hiyo tunakula dagaa wakavu niliowanunua kabla, kunde, mbaazi na choroko. Watoto walinung'unika mwaka wa kwanza. Sasa wanajua kwamba kusi ni wakati wa mbaazi za nazi, na wanazisubiri.

Mnisikilize kuhusu dagaa. Wapo watu wanaona haya kumwekea mgeni dagaa. Dagaa huliwa mzima, na mifupa yake, na kichwa chake, kwa hiyo mtoto anapata madini ya mifupa ambayo katika kipande cha nguru hayapati, kwa sababu mfupa wa nguru tunautupa. Na huyo nguru, au kolekole mkubwa, ukikosa pesa ya kipande ulizia kichwa. Kichwa kimoja kikubwa kinatoa supu ya watu sita, na nyama ya mashavuni ni tamu kuliko ya mgongoni.

Lakini kuna pahali urahisi wa bei uliniumiza, na nataka nilieleze hili kwa urefu. Jioni moja mwaka 2021 nilimkuta mchuuzi kando ya barabara anauza vipande vya jodari kwa nusu ya bei. Hakuwa na barafu. Samaki hakunuka. Nikanunua, nikamtia ndimu na thomu (vitunguu saumu) nyingi, nikamkaanga vizuri. Hata saa moja haijapita tangu tule, uso wa binti yangu mdogo ukawa mwekundu, mwili unamwasha, kichwa kinamgonga, anatapika. Kaka yake naye hivyohivyo. Tulikimbia nao hospitali, wakapewa dawa, na alhamdulillahi usiku uleule walitulia. Daktari alinieleza kwamba jodari, vibua na jamii zao, wakikaa kwenye joto baada ya kuvuliwa, mwilini mwao hutengenezeka kitu kiitwacho histamini. Moto haukiondoi. Ndimu haikiondoi. Na samaki anaweza kuwa nacho hata kabla hajanuka. Tangu hapo jodari na vibua nanunua penye barafu tu, au dikoni, wanakoshukia wavuvi, chombo kikiwa kimetia nanga hivi punde. Natazama mashavu yawe mekundu, jicho liwe angavu, nikibonyeza nyama irudi. Nikiwa na shaka hata kidogo, siku hiyo tunakula kunde. Akiba ya shilingi elfu tatu ilinigharimu teksi, dawa, na usiku ambao sitausahau.

Nazi. Zamani nilikuwa nakuna nazi mbili kwa chakula kimoja. Mama mkwe hutumia moja kwa vyakula viwili, na mchuzi wake mzito kuliko wangu. Siri iko kwenye kukamua. Hutia maji ya uvuguvugu kidogo sana, kikombe tu, akakamua tui la kwanza na kuliweka mbali. Kisha tui la pili na la tatu kwa maji zaidi. Hilo ndilo la kupikia wali, au kuchemshia kunde na majimbi. Tui zito huingia mwisho kabisa, mchuzi umeshaiva, likachemka mara moja huku unakoroga, ukaepua. Ukilitia mapema linakatika na utamu unapotea, nawe utadhani nazi haikutosha. Machicha hayatupwi: nusu nayakaanga na chumvi na pilipili, bila mafuta, mpaka yageuke rangi, nikayakamulia ndimu, tukalia muhogo. Nusu nyingine nawapa kuku.

Wengi tunahesabu bei ya chakula, bei ya moto hatuihesabu. Daftari langu lilinionyesha kwamba siku ya maharage makaa yalinigharimu karibu sawa na maharage yenyewe. Sasa nayaroweka tangu usiku, nayamwaga yale maji, nayachemsha kwa nguvu nusu saa yakiwa yamefunikwa. Halafu sufuria nzima naifunga kwa blanketi kuukuu na kanga mbili, naiweka ndani ya boksi lenye matambara, nakwenda zangu kushona. Baada ya saa tatu yameshalainika kwa joto lake mwenyewe. Nayarudisha kwenye seredani yachemke tena, natia viungo. Msiifupishe ile nusu saa ya mwanzo, maharage mekundu yasipochemka sawasawa yanaumiza tumbo. Na makaa yanayobaki jioni chini ya sufuria ya mwisho, naweka juu yake viazi vitamu au muhogo wa asubuhi. Hilo peke yake lilifuta maandazi ya kununua siku tano kwa wiki.

Kuhusu mchele: tulikuwa majirani wanne kwenye kibati, yaani mchezo wa kupeana pesa kwa zamu, tukakubaliana zamu moja kati ya tatu iwe ya polo badala ya pesa. Polo la kilo 50, kila nyumba kilo 12 na nusu. Pimeni kwa mizani, msipime kwa pishi, maana mikono haijazi sawa na ujirani ni bora kuliko mchele. Wapo wanaodharau mapembe, ule mchele wa bei nafuu. Mimi siku za kawaida napika hayo, wa Mbeya nauweka kwa Ijumaa. Isitoshe, tumepunguza wali wenyewe. Mchele mwingi tunaokula visiwani huja kwa meli, na kila kinachokuja kwa meli kina nauli ndani yake. Muhogo, ndizi, majimbi na shelisheli viko hapahapa. Shelisheli likiwa msimu, lichemshwe kwa tui la pili na chumvi, pamoja na dagaa, ni chakula kamili. Muhogo ununue wa leo na kesho tu, ukishang'olewa haukai. Siku ya pili au ya tatu unaanza mistari myeusi.

Mboga nina viroba sita vya mchicha nyuma ya nyumba na mronge mmoja. Mchicha unachuma ndani ya mwezi. Kisamvu najipatia kwa jirani, nakitwanga na kukichemsha vya kutosha, kibichi kina sumu.

Sijapunguza mayai ya watoto wala matunda. Matunda nayafuata msimu tu: machungwa katikati ya mwaka, maembe mwisho wa mwaka yanapokuwa mengi mpaka yanaoza chini.

Baada ya miezi mitatu ya kuishi hivi tulikuwa tumeshuka kutoka 14,000 hadi karibu 9,000 kwa siku, na sufuria ilikuwa imejaa zaidi. Mume wangu alirudi kazini baadaye, lakini daftari sikuliacha.

Nawakumbusha na Ramadhani, maana hapo ndipo wengi tunapobomoa tulichojenga mwaka mzima. Kumi la mwanzo ndizi mbichi, muhogo na majimbi vinapanda kwa sababu kila nyumba inataka futari ileile siku ileile. Mimi sukari, unga wa ngano, tambi na choroko nanunua tangu Rajabu, kidogo kidogo. Siku za mwanzo futari yangu ni uji wa mtama, choroko za nazi na viazi vitamu. Ndizi mkono wa tembo tunakula bei ikishalegea, kuanzia kumi la pili. Aliyefunga hajapungukiwa kitu.

Wengi mnaniuliza dagaa wabichi wa mama mkwe wanapikwaje, basi ni hivi. Fungu moja la dagaa, waoshe kwa maji ya chumvi, matumbo makubwa uyatoe. Tandaza chini ya sufuria vitunguu viwili na tungule mbili zilizokatwa, thomu iliyopondwa, manjano kijiko kidogo, pilipili mbichi nzima isiyopasuka. Katakata embe bichi moja juu yake. Msimu wa embe ukipita tumia ukwaju. Wapange dagaa, mimina tui la pili liwafunike, funika. Usikoroge, watavunjika, shika sufuria masikio yote mawili uitikise. Dakika kumi zinatosha. Mimina tui zito, likitoa povu la kwanza, epua.