Walimu wamerudi na vyeti, watoto bado hawasomi

SWALI: Tuliwapeleka walimu watano kwa semina ya kufundisha kusoma, siku moja, hotelini hapa mjini. Walirudi na vyeti na boksi la kadi. Muhula umeisha na nusu ya Gredi ya 3 bado haiwezi kusoma aya fupi ya Kiswahili. Tulipie awamu ya pili? – Mwalimu mkuu, Kayole

JIBU: Usilipe, mwalimu mkuu. Swali hili naletewa karibu kila muhula. Kinachobadilika ni jina la hoteli.

Kwanza ingia Gredi ya 3 na karatasi yenye maneno yasiyo na maana: lofi, mbefa, ng'udo. Waite watoto mmoja mmoja. Anayesoma "mbefa" anajua kuunganisha sauti, kwa hiyo shida yake itafuteni kwenye kasi au msamiati. Anayekodoa macho, ile aya aliyokuwa akiitikia na wenzake aliikariri tu. Msikilize pia anavyotaja herufi. Akisema "em, ei, em, ei" kisha akakwama kabla ya kufika "mama", amefundishwa majina ya herufi za Kiingereza, si sauti. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo hapo pana matumaini makubwa. Kiingereza kina vituko vyake. Kipangieni kipindi chake.

Kinachonikera ni imani kwamba mwalimu akishasikia jambo hotelini, atalitenda darasani Jumatatu. Hatatenda, na si kwa uvivu. Ana darasa limefurika, na mazoea ya miaka hayatoki kwa slaidi. Mpango wa Tusome wa kufundisha kusoma, ulioanza 2015 katika shule za umma za Kenya, haukuishia kwenye vitabu na mafunzo. Maafisa wa mtaala walitakiwa kuingia darasani, kumtazama mwalimu akifundisha, kuwasikiliza wanafunzi watatu wakisoma, kisha kuketi naye wazungumze. Hiyo ya mwisho ndiyo mnayoiruka, kwa sababu haina cheti wala chakula cha mchana.

Hela hizo zitumie kupata nafasi ndani ya ratiba. Wewe, naibu wako na walimu wa Gredi ya 1 hadi ya 3 mchague jambo moja, tuseme kuunganisha silabi. Mmoja afundishe, mwenzake akae nyuma na daftari, mkutane siku hiyo hiyo. Msiongeze jambo la pili kabla la kwanza halijakaa.

Na wachuuzi hawa wa semina, jamani! Mmoja anauza kusoma kwa siku 21. Mwingine anawagawa watoto, eti huyu hujifunza kwa macho, yule kwa masikio, ilhali watafiti wamelipima dai hilo mara nyingi bila kupata ushahidi kwamba kufundisha kwa mgao huo kunasaidia. Vipeperushi vyao vyote vimeandikwa "utafiti". Anayekuja kwako muulize: baada ya semina, nani atakuja kuketi darasani mwetu, na lini? Akianza kukuonyesha picha za vyeti, mwambie una kipindi.