Maswali na Majibu: Vya Kumwagia Aiskrimu, Tuvitengeneze Wenyewe

*Shangazi, utotoni aiskrimu ya koni ilimwagiwa chokoleti ikawa ganda, ukiuma inalia kwa! Nimeyeyusha chokoleti na mafuta ya alizeti, ikabaki uji tu. Tatizo ni nini? – Msomaji wa Nyali*

Tatizo ni mafuta, mwanangu. Ya alizeti hubaki majimaji hata frijini. Ya nazi huganda yakishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Ndiyo maana chupa yake huwa maji mchana kutwa hapa Mombasa, na ukiipeleka Limuru inashikana. Yakikutana na aiskrimu iliyotoka friza, huganda papo hapo na kuivuta chokoleti nayo.

Chukua gramu 200 za chokoleti nyeusi na vijiko vitatu vikubwa vya mafuta ya nazi. Yeyusha kwenye bakuli kavu juu ya sufuria ya maji yanayofuka, bakuli lisiguse maji. Matone machache tu ya maji yakiingia, chokoleti inafanya madonge. Kisha subiri. Wengi huharibu hapa kwa kumwaga ikiwa ya moto, ikayeyusha aiskrimu na kuteleza hadi chini ya bakuli. Iache mpaka ukitia kidole usihisi joto. Bakuli la kulia nalo likae frizani kwanza, maana joto letu halikupi nafasi. Mwaga, hesabu hadi thelathini, gonga kwa kijiko.

Mafuta ya nazi yaliyopikwa nyumbani kwa tui yanafaa, mradi maji yote yamekauka. Mimi ndiyo niyapendayo, na iliki kidogo ya kusaga: harufu ya nazi inaipa chokoleti ladha ya pwani ambayo ya dukani haina. Inayobaki iweke kabatini, usiitie frijini.

*Vile vijiti vidogo vya sukari vya rangi, nilivichora vizuri nikavianika barazani usiku kucha. Asubuhi bado vinanata. – Mama wa watoto watatu, Likoni*

Dada, sukari hunywa unyevu wa hewa, na usiku wa pwani una unyevu mwingi. Barazani hapafai. Mchanganyiko uwe mzito: gramu 120 za sukari ya unga, maji kijiko kimoja kikubwa ukiyaongeza tone kwa tone, arki ya vanila na rangi ya chakula. Tia kwenye mfuko wa plastiki, kata ncha ndogo sana, chora mistari juu ya karatasi ya kuokea. Vikaushe ndani chini ya feni, au kwenye oveni ya moto mdogo kabisa, mlango ukiwa wazi kidogo. Vikivunjika bila kupinda, vitie kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana siku hiyo hiyo. Mwezi wa Mei, mvua zikiwa zimeshika, usijisumbue.

*Shira yangu ya waridi inafanya chengachenga baada ya siku mbili. – Msomaji wa Mji wa Kale*

Tia ndimu. Vikombe viwili vya sukari kwa kimoja cha maji, na kijiko kidogo cha maji ya ndimu. Uchachu huigawanya sukari isirudi kuwa chenga. Ikishachemka usikoroge. Arki ya waridi iingie baada ya kuepua, la sivyo harufu yote inaondoka na mvuke. Kipande cha bitiruti kikichemshwa humo kinatosha kwa rangi.

*Je, mabuyu yanaweza kukaa juu ya aiskrimu? – Kijana wa Kisauni*

Yanaweza, ila kokwa ni kero kwenye kijiko, na kwa mtoto mdogo ni hatari ya kumsakama kooni. Tumia unga wa ubuyu uliochekechwa: vijiko viwili vya unga, viwili vya sukari, chumvi ya kubana kwa vidole na pilipili ya unga kiasi upendacho. Nyunyiza juu ya aiskrimu ya embe dakika ile ile unayoipeleka mezani, kwa kuwa ukikaa unalowa.