Weka Kalamu Chini Kwanza

Nikiwa kidato cha nne nilikosa swali jepesi kuliko yote kwenye mtihani wa majaribio. Umechorwa waya, mkondo wa umeme unatoka kwenye karatasi kukujia. Onyesha uga wa sumaku unazunguka upande gani. Kanuni nilikuwa naijua vizuri: kamata waya kwa mkono wa kulia, gumba lifuate mkondo, na vile vidole vinne vinavyojikunja ndivyo uga unavyozunguka. Jibu ni kinyume na mishale ya saa. Mimi nikachora kufuata mishale ya saa, nikatoka nje natamba.

Mwalimu akaniita nirudie mbele yake. Nikapata. Akanipa kalamu, akasema haya, rudia tena. Nikakosa! Mkono wa kulia ulikuwa na kalamu, kwa hiyo nilichokunja ni vidole vya kushoto, na wala sikujitambua.

Siku hizi nafundisha tuisheni jioni, na kosa hilo naliona kila muhula nikipita kati ya madawati. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauna fizikia ndani yake: weka kalamu mezani. Wanafunzi wa mashoto hawanisumbui hapa, maana mkono wao wa kulia uko huru muda wote.

Wao, na wengine wote, hukwama tukifika kwenye kanuni za mwanasayansi Fleming, zile za kunyoosha gumba, kidole cha shahada na cha kati kwa pembe mraba. Darasani tunaambiwa mkono wa kushoto ni wa mota na wa kulia ni wa jenereta. Chumba cha mtihani kikipata moto, nani anakumbuka upi ni upi? Mimi nilikuja kuachana na mgawanyo huo. Natumia mkono wa kulia peke yake, na ninachoshika kichwani ni mpangilio: kidole cha shahada ni kile kinachokwenda (mkondo au chaji), kidole cha kati ni uga, gumba ni kani, yaani msukumo. Fleming kwenye mota ameweka uga kwenye shahada na mkondo kwenye kidole cha kati. Ukibadilishana vidole viwili halafu ukabadilisha na mkono, jibu halisogei. Kwenye jenereta kinachokwenda ni waya wenyewe, basi shahada ifuate mwendo wa waya, na gumba litakuonyesha mkondo unakosukumwa. Ila mtahini akiandika wazi "tumia kanuni ya mkono wa kushoto ya Fleming", mpe anachotaka, usibishane naye.

Michoro nayo ina mtego wake. Nukta ni ncha ya mshale unaokujia usoni. Msalaba ni manyoya ya mkia wa mshale unaokwenda zake. Halafu kuna elektroni. Chaji yake ni hasi, kwa hiyo tafuta jibu kana kwamba ni chanya, kisha geuza mwisho kabisa. Chaji chanya ikienda kulia kwenye uga unaoingia ndani ya karatasi, inasukumwa juu. Elektroni itashuka chini. Anayegeuza mapema husahau kama ameshageuza, akageuza mara ya pili.

Ukitaka kuhakikisha mkono wako haukudanganyi, chora nyaya mbili sambamba, mikondo yote ikipanda juu ya ukurasa. Waya wa kushoto unaleta uga unaoingia ndani ya karatasi pale ulipo wa kulia. Sasa tafuta kani kwenye huo wa kulia: lazima ielekee kushoto, kwa sababu mikondo ya upande mmoja huvutana. Ukipata kinyume, angalia kalamu iko wapi.

Na kama una dira, betri moja kubwa ya tochi na kipande cha waya, fanya alichokifanya Ørsted wa Denmark mwaka 1820. Laza waya kaskazini–kusini juu ya dira, mkondo uende kaskazini. Kabla ya kugusisha, kunja mkono useme sindano itakwenda wapi. Gusisha sekunde moja mbili tu, kwani waya unapata moto na betri inakwisha. Ncha ya kaskazini inakimbilia magharibi. Kisha inua dira, iweke juu ya waya, uone inavyogeuka kwenda mashariki. Wanafunzi wangu huwa wanapiga kelele hapo, na mwenye nyumba hugonga ukuta.