Re: Ngozi nyeusi kwa penseli za rangi inatoka kama masizi

Mkuu, hiyo ngozi nyeusi unayochora inatoka kama masizi kwa sababu umeanza na penseli nyeusi, tena umekandamiza toka mwanzo. Hiyo nyeusi iweke pembeni kwanza. Anza na rangi ya chungwa au kahawia nyepesi, mkono mwepesi yani penseli inagusa tu karatasi, halafu juu yake nyekundu iliyoiva, kahawia nzito, na kwenye vivuli, chini ya kidevu na pembeni ya pua, weka bluu nzito au zambarau, hapo ndo sura inapata uhai. Panapong'aa kwenye paji la uso usipake sana, maana nyeupe juu ya rangi nzito haionekani kivile. Kukandamiza ni mwisho kabisa, ukishakandamiza karatasi inakuwa laini haishiki rangi tena. Na karatasi za fotokopi achana nazo, tafuta nene yenye kamkwaruzo, inasaidia kuliko hata kununua penseli za bei mbaya.

Ule utando mweupe uliouliza, unaotokea juu ya mchoro, ni nta ya penseli inapanda juu, futa taratibu na kitambaa laini. Penseli za aina ya Prismacolor ni za nta ndo maana zinafanya hivo, za Polychromos ni za mafuta, hazina hiyo shida.