Maziwa hayaitoi risasi mwilini

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mvuvi wa Bagamoyo. Nanunua betri mbovu za magari, nazipasua, nayeyusha risasi kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa nyuma ya nyumba, kisha nasubu chubwi na risasi za nyavu. Nyingine nawauzia wenzangu. Navaa barakoa, na nikimaliza nakunywa maziwa nusu lita kukata sumu. Shida ni kwamba mara nyingine nikimimina kwenye kalibu ya mchanga, risasi inaruka. Nifanyeje isiruke? Na hayo maziwa yanatosha au niongeze? Mke wangu ni mjamzito na analalamika harufu.

JIBU: La kuruka lina jibu fupi. Mchanga wako una unyevu. Maji yakikutana na risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke mara moja, na mvuke huo unataka nafasi kama mara 1,600 ya ile ya maji, kwa hiyo unairusha risasi juu, usoni kwako. Tumia kalibu ya chuma, au ya udongo uliochomwa, na kila mara ipashe moto kwanza hadi tone la maji likiiangukia likauke papo hapo. Upawa nao uushikilie juu ya chungu upate joto kabla ya kuuchovya. Na usitupe kipande kipya ndani ya risasi iliyokwisha kuyeyuka, hata kama kwa macho ni kikavu. Vipande vyote viingie chunguni kabla ya moto.

Sasa maziwa. Swali hili haliishi. Linaletwa na mafundi betri, wapaka rangi, wachomeleaji na wachimba dhahabu, na kila mmoja anauliza kipimo, nusu lita au lita nzima, kana kwamba jambo lenyewe lilishathibitishwa na kilichobaki ni kiasi. Halikuthibitishwa. Vumbi laini la risasi ulilovuta pumzi linaingia kwenye damu kupitia mapafu, na maziwa hayapiti huko. Kwenye damu risasi inakaa mwezi mmoja hivi kabla ya kupungua nusu. Nyingine inahamia kwenye mifupa, kwa sababu mwili unaichukulia kama kalsiamu, na humo inakaa miaka kumi, ishirini, hata zaidi. Nusu lita ya leo jioni haitaifuata huko.

Kilicho kweli ni hiki: mtu mwenye njaa hunyonya risasi tumboni mara kadhaa kuliko aliyeshiba, na mtu aliyepungukiwa chuma au kalsiamu mwilini hunyonya zaidi. Kwa hiyo kula kabla ya kazi, na hapo maziwa ni chakula kizuri kama dagaa au maharage. Ni chakula tu. Ubaya wa imani hii ni kwamba inampa mtu ujasiri wa kurudi kwenye jiko kesho yake.

Barakoa nayo ni vivyo hivyo. Ile ya kitambaa au ya hospitali haizuii moshi wa metali. Kinachozuia ni kinyago cha mpira chenye vichujio vya daraja la P3, kinachobana uso, na kwa mwenye ndevu hakibani.

Lakini hata kinyago hicho hakiponyi kosa kubwa zaidi hapo kwako, nalo ni betri yenyewe. Wengi wanaamini hatari ni moshi, kwa hiyo wakiyeyushia nje kwenye upepo wanajiona salama. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za selsiasi, na fundi anayeituliza kati ya 350 na 400 hatoi moshi mwingi. Tatizo ni kwamba jiko la mkaa likipepewa halina kipimo. Chungu kikianza kung'aa wekundu gizani ujue umepita nyuzi 500, na hapo moshi ni wa kweli. Sufuria ya alumini nayo inalegea kwenye moto huo, huku lita moja ya risasi ina uzito unaozidi kilo 10.

Betri ya gari si bonge la risasi. Ndani kuna mabamba ya risasi kama wavu, na katikati ya matundu yake kuna uji mkavu, wa kijivu upande mmoja na wa kahawia upande wa pili. Sehemu kubwa ya risasi ya betri imo kwenye uji huo, ikiwa oksidi na salfeti, na salfeti ya risasi haiyeyuki hadi upite nyuzi 1,000. Jiko lako halifiki. Ndiyo maana unaona unga mwingi unaelea juu na hauishi, unauchota kwa upawa na kuumwaga pembeni. Unadhani ni taka. Huo unga ndio sumu kuliko kitu chochote ulicho nacho hapo, kwa kuwa ni laini, unapeperuka, unashika miguuni, na kuku wanauparua. Taka za betri zenye kalsiamu na arseniki zikilowa mvua zinaweza pia kutoa gesi ya asini, ambayo inapasua chembe nyekundu za damu.

Thiaroye-sur-Mer, kitongoji cha Dakar nchini Senegal, kina mama na watoto walikuwa wakichekecha mchanga wenye mabaki ya betri ili wauze risasi. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Hapakuwa na kiwanda, ni mchanga tu. Huku kwetu, Owino Uhuru ya Mombasa palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri, na mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Mtoto hunyonya hadi nusu ya risasi anayoimeza, mtu mzima kama sehemu moja ya kumi. Na mimba ndiyo wakati mifupa ya mama inapotoa kalsiamu kumjengea mtoto, na risasi iliyofichwa humo inatoka nayo na kuvuka kondo. Kwa hiyo mkeo asifue nguo zako za kazi. Zifue mwenyewe, bila kuzichanganya na nyingine. Oga kabla ya kuingia ndani. Sakafu ipigwe deki, isifagiliwe. Kama anakula udongo, kama wajawazito wengi, asiuchimbe kabisa hapo uani, na amwambie mkunga, kwani hamu hiyo mara nyingi huambatana na upungufu wa damu. Kliniki waelezeni kazi yako na muombe kipimo cha risasi kwenye damu, ninyi wawili na watoto. Damu itolewe kwenye mshipa, kwa sababu vumbi la kwenye kidole huharibu majibu. Kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita, Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa. Dawa za kunasa risasi hufikiriwa kwa watoto kuanzia 45, na huandikwa na daktari hospitalini.

Nalisema hili kwa sababu wauza "kusafisha damu" wameshajaa. Mashine ya kushika kiganjani haipimi risasi. Beseni la kuchovya miguu, maji yakageuka kahawia, ni kutu ya vyuma vya umeme. Washa beseni lenye maji ya chumvi bila miguu, yatageuka vilevile. Na anayekutundikia dripu ya "kutoa metali" chumbani kwake mkimbie, kwani aina isiyo sahihi ya dawa hiyo hushusha kalsiamu ya damu hadi moyo unasimama.

Betri ziuze nzima kwa mnunuzi mwenye kibali cha mamlaka ya mazingira, bila kumwaga asidi. Ukishikilia kusubu, tumia risasi ya metali tupu, kama zile za kubalansi matairi, mbali na makazi. Kipande kinachoelea bila kuyeyuka kwenye nyuzi 350 ni zinki au chuma, kiopoe. Lakini kwa nyavu huhitaji risasi hata kidogo. Nondo ya milimita 12 ina gramu 89 kwa kila sentimita 10. Ndani ya maji ya bahari, gramu 100 za risasi zinavuta kama 91, na gramu 100 za chuma kama 87. Ongeza gramu 5 tu, upake rangi dhidi ya kutu. Saruji ndiyo inayopungua sana, inabaki 57.

Na ile sufuria isirudi jikoni, wala usiwauzie wanunua chakavu. Watengeneza sufuria wa mitaani huyeyusha alumini ya kila aina, na risasi yako itarudi ndani ya ugali wa mtu mwingine. Itoboe kitako, uipeleke pamoja na betri.