"Jitambue" halikuwa tusi

Siku hizi ukitaka kumnyamazisha mtu mtandaoni huhitaji hoja. Andika "jitambue" uondoke. Dada kavaa nguo usiyoipenda: jitambue. Kaka kamsamehe mkewe: jitambue. Wahamasishaji nao wamelidaka neno hilohilo, kwao lina maana kwamba wewe ni simba, ila hujajua tu.

Kwa hiyo niliposoma kwamba neno hilo lilikuwa limeandikwa kwenye hekalu la Apollo kule Delphi, Ugiriki, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, nilidhani lilikuwa la kumpandisha mtu kichwa. Kumbe kinyume chake. Aliyepanda mlima kwenda kuuliza mambo ya kesho alikumbushwa kwanza yeye ni nani: binadamu, wa kufa, si mungu. Palikuwa na jingine pia, "Usizidishe chochote." Mtu alishushwa kwanza, ndipo akaingia.

Naandika haya kwa sababu ya shilingi laki nane ambazo hazikuwa zangu.

Rafiki yangu mmoja, tuliyekua naye mtaa mmoja, alikuwa akiendesha bodaboda ya tajiri na kupeleka hesabu kila jioni. Alitaka pikipiki yake mwenyewe. Akawa ananiletea akiba kidogo kidogo, mwaka na zaidi, kwa sharti alilolitoa yeye: "Kaka, hata nikija nalia, usinipe kabla ya Januari." Oktoba akaja. Hakuwa analia, alikuwa anacheka, ana mkeka wa kubeti, wa uhakika. Nilimkatalia siku mbili. Siku ya tatu nikampa. Kufika Jumapili usiku mkeka ulikuwa umechanika, na laki nane zimekwenda nao.

Sikujiona na kosa. Amana ni amana, mwenyewe akiitaka unampa. Mimi ni mhasibu, hesabu zangu hufunga mpaka shilingi ya mwisho, na kila aliyeuliza nilimjibu hivyo, kifua mbele.

Miezi miwili baadaye nikaokota kwa wauza vitabu vya mitumba nakala kuukuu ya Jamhuri, kitabu cha Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kwa Kiingereza. Niliinunua kwa sababu ilikuwa rahisi. Kurasa za mwanzo tu nikajikuta mimi mwenyewe. Socrates, mwalimu wake Plato, yuko Piraeus, bandari ya Athens, akizungumza na mzee tajiri aitwaye Cephalus. Mzee anasema faida kubwa ya mali ni kwamba humwezesha mtu kuondoka duniani bila kudhulumu na bila deni, si la miungu wala la watu. Socrates anamuuliza: kwa hiyo haki ni kusema kweli na kurudisha ulichopewa? Vipi ukiwekewa silaha na rafiki mwenye akili timamu, kisha akarukwa na akili, akaja kuidai?

Nilifunga kitabu. Nilikifungua tena kesho yake.

Cephalus anakubali kwamba kumpa hakufai. Halafu anamwachia mwanawe Polemarchus mjadala, anacheka, anakwenda zake kwenye dhabihu. Namwelewa sana yule mzee. Ana sifa ya kulipa madeni, na amezeeka nayo vizuri, wa nini tena kuichokonoa?

Nilimsimulia mke wangu, nikitegemea pole. Akaniuliza: "Baba Zai, ulimpa kwa ajili yake, au ili aache kukusumbua?"

Jibu nilikuwa nalo, la kihasibu kabisa, lakini halikutoka. Ukweli ni kwamba nilichoshwa na simu zake. Na zaidi ya simu, niliogopa wale wa kijiweni waseme nimekula hela ya mwenzangu. Nililinda jina langu kwa laki nane za mtu mwingine, kisha nikaita kitendo hicho uaminifu.

Hapo ndipo penye ushauri wangu, kama unautaka. Nilikuwa na nafsi yangu miezi miwili, usiku na mchana, na sikuliona jambo hilo. Mke wangu aliliona kwa swali moja. Nyani haoni kundule, wazee walishasema, na wala hakuna daftari litakalomwonyesha, kwa sababu anayeandika daftari ni nyani yuleyule. Katika mazungumzo ya Alcibiades, ambayo huhesabiwa kuwa ya Plato ingawa wapo wataalamu wanaobisha, Socrates anasema jicho likitaka kujiona litazame ndani ya jicho la mwingine, kwenye mboni. Hata yeye mwenyewe hakujifungia chumbani ajichunguze. Rafiki yake Chaerephon alikwenda Delphi kuuliza kama yuko mwenye hekima kumzidi Socrates, akajibiwa hayupo. Socrates alishangaa, akaanza kuwauliza watu: wanasiasa, washairi, mafundi. Hao mafundi ndio walionichoma. Ufundi wao waliujua kweli, ila kwa kuujua walijiona wanajua na mengine yote. Mhasibu ambaye vitabu vyake vinafunga, akaona basi yeye ni mwenye haki, nafasi yake iko hapohapo.

Basi tafuta mtu wa kukuuliza. Asiwe anayekudai, wala unayemlipa mshahara, wala anayekuogopa. Mpe jambo moja dogo lililotokea kweli, si "maisha yangu kwa ujumla", halafu jibu likichelewa kutoka usilisukume. Kule kuchelewa ndiko kwenye habari.

Onyo: usigeuke wewe kuwa muulizaji. Nilijaribu kijiweni wiki mbili, "Unaposema haki unamaanisha nini hasa?", mpaka wakawa wakiniona nakuja wanahamia kwenye Simba na Yanga. Socrates yeye aliwaudhi watu kwa miaka mingi, na mwaka 399 KK, akiwa na miaka 70, Waathene wakamhukumu kunywa sumu. Kijiwe changu kina huruma kuliko Athens.

Jambo jingine lililonikaa ni la mwaka 404 KK na uliofuata, Athens ilipotawaliwa na wale Thelathini, kundi la watawala madhalimu. Walimwita Socrates pamoja na wengine wanne, wakawaagiza wakamlete Leon wa Salamis ili auawe. Wanne wakaenda. Socrates akarudi nyumbani. Watawala haohao ndio waliomuua Polemarchus bila kesi, yule mwana aliyeachiwa mjadala wa haki na baba yake. Mtu alihatarisha shingo yake mbele ya wauaji, mimi nikashindwa na simu tatu kwa siku.

Kuhusu furaha nitasema kidogo, maana hapo lugha yenyewe inatupotosha kidogo. Neno letu falsafa lilitoka Ugiriki kupitia Kiarabu. Waarabu waliposoma yale ambayo Aristotle, mwanafunzi wa Plato, aliandika juu ya maisha mema hawakutumia neno la kuchekelea. Walisema saada, yaani heri, na hiyo tunayo, wako hata dada zetu wanaoitwa hivyo. Aristotle hazungumzii hali ya moyo ya jioni moja. Anasema mbayuwayu mmoja haleti majira ya machipuko, wala siku moja haimfanyi mtu awe na heri. Anasema pia kwamba mtu hujifunza kujenga kwa kujenga, na huwa mwenye haki kwa kutenda ya haki. Kwa hiyo unaanza ukiwa bado hujui, na unaanza vibaya.

Mwezi Machi rafiki yangu alianza tena kuweka akiba. Safari hii tuliandika karatasi, sahihi tatu, ya tatu ya mama yake mzazi: hatoi mtu hata senti bila mama kuwepo. Julai akapiga simu, na sauti ilikuwa ileile ya mkeka. Nilimwambia aje na mama. Akanitukana, akakata, tukakaa wiki tatu tukipishana barabarani kama wageni. Sikujisikia mwema hata kidogo. Nilijisikia mnoko.

Mama hakuja. Hela ipo.