Jibu: Kwa nini wavulana tu?

Pole sana dada. Umeuliza kwa nini wapwa zako wawili wanaishiwa nguvu za miguu ilhali dada yao mzima, na kama ni mkosi. Si mkosi, wala si kosa la mama yao. Hiyo uliyoitaja, ya kujishika magoti, kisha mapaja, ndipo mtoto ainuke, nimeiona kwa jirani yangu hapa Moshi. Mara nyingi ni Duchenne, ugonjwa wa kurithi unaodhoofisha misuli. Louis Kunkel na wenzake, Marekani, waliitambua jeni yake mwaka 1986. Iko kwenye kromosomu X, moja ya nyuzi zinazobeba jeni: mvulana anayo moja tu, jeni ikiwa na hitilafu hana nyingine; msichana ana ya akiba. Protini inayotokana na jeni hiyo, distrofini, hukinga msuli usichanike. Ubongo nao huihitaji, ndiyo maana baadhi yao husoma kwa shida, wasichapwe, nakuomba! Wapeleke KCMC, hospitali ya rufaa hapa Moshi, uulizie kipimo cha damu cha CK, kimeng'enya kinachovuja kutoka kwenye misuli iliyoharibika.